Mama Amerudi, Lakini Tabia Si Yake: Homoni na Ubongo Baada ya Kiharusi

Kwenye sanduku la nguo za mama kuna daftari la shule la kurasa 32, jalada lake lina doa la chai. Ukurasa mmoja nimeukunja pembe. Umeandikwa kwa mwandiko wa mdogo wangu: "Jumanne. Sukari asubuhi 13.8. Amelala saa saba usiku, ameamka saa tisa. Amemfukuza jirani aliyeleta uji. Analia. Vidonge vya bega: viwili."

Mama alikuwa ametimiza wiki saba tangu apigwe na kiharusi, na nyumbani kwetu nje kidogo ya Nambale watu walikuwa wameanza kunong'ona. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, hata mbuzi wa jirani walipomaliza kunde zake. Sasa alikuwa anatukana. Usiku anazungumza na ukuta, mchana anasinzia na bakuli mkononi. Shangazi alikuja, akaketi, akatuambia waziwazi: "Wanangu, huu si ugonjwa wa hospitali." Tulikaribia kumwamini.

Jibu lilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa ule. Nitaurudia. Kwanza nikueleze wewe unayeuguza, uwe binti, mwana, mke, mume au mkaza-mwana, kinachoendelea ndani ya mwili wa mtu wako, ili ujue la kuvumilia, la kupima, na la kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Anayetuma ndiye anayepokea

Homoni ni ujumbe wa kemikali. Tezi huutia kwenye damu, damu huusafirisha, na kiungo kinachoutambua hutii. Kongosho hutuma insulini kuiambia misuli ipokee sukari. Thairoidi, tezi ile ya shingoni, huamua mwili uende mbio au polepole. Tezi za adrenali zimekalia figo kama kofia. Hizo hutuma adrenalini wakati wa hatari na kortisoli kwa shughuli za kila siku na za dharura. Ovari na korodani zina homoni zake za uzazi.

Nyingi kati ya hizo husimamiwa kutoka kichwani. Kuna haipothalamasi, sehemu ya ubongo yenye ukubwa wa korosho, na chini yake inaning'inia pituitari, ndogo kama punje ya minji. Haipothalamasi huagiza, pituitari hupeleka agizo kwa tezi za chini, tezi hujibu, na jibu hurudi ubongoni kuuambia kwamba inatosha. Kwa hiyo ubongo ndio unaotuma na ndio unaopokea. Kiharusi kikiujeruhi, maagizo huharibika yakitoka na majibu huharibika yakirudi.

Si kila badiliko ni la homoni, na sitaki nikudanganye hapo. Kiharusi kikiua sehemu ya mbele ya ubongo, mtu anaweza kukosa subira kwa sababu kile kilichokuwa kinamzuia kimeumia. Kuna pia hali ya kucheka au kulia ghafla bila furaha wala huzuni yoyote ndani. Hiyo hutokana na njia za ubongo zinazoongoza uso na sauti, na ina dawa zake. Lakini upande wa homoni ndio unaopimika, na mara nyingi ndio unaorekebishika. Ndiyo maana nakuomba uanzie huko kabla ya kuamua kwamba mtu wako amekuwa mbaya, au amerogwa.

Mbiu ya siku za kwanza

Damu ikikatika ubongoni, au mshipa ukipasuka, mwili hupiga mbiu. Ndani ya saa chache adrenalini na kortisoli hupanda. Kazi ya homoni hizi ni kumwandaa mtu akimbie au apigane: presha ipande, moyo uende mbio, ini limwage sukari kwenye damu. Kwa mtu aliyelala kitandani hana pa kukimbilia, maandalizi hayo yanageuka mzigo. Moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Sukari inazidi kwenye damu inayofika kwenye ubongo uliokwisha kujeruhiwa. Kinga nayo hushuka, kwa sababu kortisoli ikiwa nyingi huwatuliza askari wa mwili.

Hilo la kinga ndilo linaloua kimyakimya. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hamezi vizuri; uji unapita njia ya pumzi, na kinga iliyolala haiwezi kupambana nao. Homa ya mapafu inaingia. Usimlishe mtu amelala chali. Mketishe wima, mto mgongoni, kidevu kikielekea chini kidogo, kijiko kidogokidogo, na akikohoa au sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha kabisa hadi muuguzi amwone. Msafishe kinywa asubuhi na jioni hata kama hajala kitu.

Sasa sukari. Wengi hushtuka mgonjwa ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari anapokutwa na 11 siku ya kwanza. Yawezekana ni mbiu tu, na itashuka baada ya siku chache. Yawezekana pia ni kisukari kilichokuwepo miaka mingi bila kupimwa. Kipimo kinachotenganisha mambo haya mawili ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita; 6.5% kwenda juu ni kisukari. Huku kwetu magharibi liko neno la kuongeza. Ugonjwa wa selimundu na upungufu wa damu ni mwingi, na vyote viwili vinaweza kupotosha HbA1c. Kama mgonjwa ana selimundu au ametoka kuongezewa damu, mwambie daktari kabla hajasoma jibu. (Selimundu yenyewe husababisha kiharusi kwa watoto. Mtoto wa miaka sita aliyelegea mkono ghafla anastahili mbio zilezile za mzee wa sabini.)

Familia nyingine, kwa hofu, hutaka sukari ishushwe hadi chini kabisa. Hapana. Utafiti uitwao SHINE, uliofanywa Marekani na kutangazwa 2019, ulilinganisha wagonjwa wa kiharusi walioshushwa sukari kwa nguvu na wale waliodhibitiwa kwa kiasi. Walioshushwa kwa nguvu hawakupona vizuri zaidi. Walichopata zaidi ni sukari kuanguka kupita kiasi. Hospitalini, wakati wa siku zile za mwanzo, kati ya 7.8 na 10 hutosha.

Ukirudi nyumbani, huna haja ya kununua mashine siku ya kwanza. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya walianza kupewa mikoba yenye kipima presha na kipima sukari. Muulize wa kijiji chenu akupangie siku. Andika kila namba. Chini ya 4 ni hatari ya sasa hivi: kama anameza vizuri mpe chai yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15, kama hamezi au hajitambui, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Juu ya 10 mara kwa mara ni safari ya kliniki wiki hii. Juu ya 15 pamoja na kiu kali, kutapika au usingizi usio wa kawaida ni safari ya leo. Na ukumbuke kwamba sukari iliyoanguka humfanya mtu alegee upande mmoja na kuchanganyikiwa kama aliyepigwa kiharusi kipya. Kabla ya kulia, pima, ila kupima kusikucheleweshe kuanza safari.

Chumvi ya damu

Kuna homoni nyingine inayotoka pituitari, vasopresini, inayoiambia figo ibakize maji. Baada ya kiharusi, hasa kile cha damu kuvuja kuzunguka ubongo, inaweza kutoka ovyo. Maji yanajaa mwilini na sodiamu kwenye damu inazimuliwa. Kawaida ni 135 hadi 145. Ikishuka sana, seli za ubongo hufura: kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, anasinzia, mwishowe anatetemeka kwa degedege.

Wazee wetu wengi wa presha wanatumia zile tembe tunazoziita dawa ya maji, haidroklorothiazidi. Zinafanya kazi nzuri, lakini nazo zaweza kushusha sodiamu. Mtu mwenye kiharusi, mwenye dawa ya maji, aliyeanza kupotea akili ndani ya siku mbili tatu, omba apimwe elektroliti. Usimpe chumvi kwa kijiko nyumbani, na usimlazimishe kunywa jagi zima kwa kudhani amekaukiwa. Sodiamu iliyoshuka hupandishwa taratibu hospitalini. Ikipandishwa kwa pupa inaharibu ubongo kwa namna nyingine.

Na kwa kuwa tuko Busia, malaria nayo. Homa na kuchanganyikiwa si lazima iwe kiharusi kimerudi. Damu ya malaria, sukari, elektroliti, mkojo, mapafu: hayo matano yaangaliwe kila tabia inapobadilika ghafla.

Vidonge vya bega

Mama alikuwa akilalamika bega la mkono uliolegea. Maumivu hayo ni ya kawaida baada ya kiharusi, na sisi wenyewe tulichangia. Tulipomwinua kitandani tulimvuta mkono uleule. Misuli iliyokuwa inalishika bega ilikuwa imelala, kiungo kikachomoka kidogokidogo. Usimwinue mgonjwa kwa mkono au kwapa la upande dhaifu. Mshike kiunoni na mgongoni, na akiketi mkono huo ulale juu ya mto, usining'inie.

Hatukujua. Tulijua tu anaumia. Mtu mmoja wa nyumbani akaenda kwenye duka la dawa, ambalo sitalitaja, akarudi na vidonge vidogo kwenye bahasha ya karatasi isiyo na jina. Bega lilipoa siku ya pili. Mama alikula kama mtu aliyetoka kufunga. Uso ulijaa, ukawa mviringo, wageni wakasema amenawiri. Tukarudi kununua. Tukarudi tena.

Vilikuwa deksamethasoni. Ni kortisoli ya kutengenezwa, yenye nguvu mara nyingi kuliko ile ya mwili. Yale yote niliyoyaeleza kuhusu mbiu ya siku za kwanza, sisi tulikuwa tunayaongeza kila asubuhi na jioni kwa pesa yetu: sukari juu, presha juu, kinga chini. Na ubongoni, dawa hizi humnyima mtu usingizi, humpa hasira, humtoa machozi, na wengine huona na kusikia vitu visivyopo. Ukuta ule mama aliokuwa akizungumza nao haukuwa na pepo. Ulikuwa na dawa.

Dawa za jamii hii zina kazi zake za kweli: pumu kali, uvimbe wa saratani ubongoni, baadhi ya magonjwa ya viungo. Lakini kwa uvimbe wa ubongo unaotokana na kiharusi cha kawaida zilishajaribiwa na hazikusaidia. Zinauzwa pia kwa sura nyingine. Tembe za kunenepesha, ambazo mara nyingi ni deksamethasoni iliyochanganywa na dawa ya mzio. Unga wa "mitishamba" wa mgongo na magoti unaoponya kwa kasi isiyo ya mitishamba. Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, ambazo hupenya hadi kwenye damu zikipakwa mwili mzima. Ukiona jina kwenye pakiti linaanza na Dexa, Pred au Beta, au dawa haina pakiti kabisa, uliza ni nini kabla haijamezwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mtu mwenye nia njema huua. Kama mgonjwa amezimeza zaidi ya wiki tatu hivi, usizikatize kwa siku moja. Mwili ukipewa kortisoli kutoka nje, pituitari huacha kuagiza na adrenali husinzia. Ukiondoa dawa ghafla, mtu anabaki bila ya nje na bila ya ndani. Presha huanguka, sukari huanguka, anatapika, analegea, anaweza kufa. Daktari hupunguza kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Mama alipunguziwa kwa wiki sita. Wiki ya tatu alilala usiku mzima kwa mara ya kwanza, na asubuhi akamwuliza mdogo wangu yule jirani wa uji alikwenda wapi.

Jambo dogo la mpakani. Dawa zinavuka Busia na Malaba pande zote mbili, na dawa moja huwa na majina mawili ya kibiashara. Nimeona mzee anameza amlodipini ya Kenya asubuhi na amlodipini ya Uganda jioni, akidhani ni dawa mbili. Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa.

Saa ya mwili na usiku wa matanga

Kortisoli ina ratiba. Hupanda alfajiri, hufika kileleni muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka mchana kutwa hadi iwe chini kabisa katikati ya usiku. Melatonini, homoni ya usingizi, hufanya kinyume chake: hutoka giza likiingia na hukatika mwanga ukichomoza. Baada ya kiharusi ratiba hii hupooza. Kortisoli hubaki juu usiku. Ikikaa juu kwa muda mrefu huichosha hipokampasi, sehemu inayoweka kumbukumbu, na huandamana na huzuni. Mgonjwa anageuza mchana kuwa usiku, nyote mnageuka naye, na baada ya wiki mbili nyumba nzima inagombana.

Dawa ya kwanza ya ratiba ni jua. Saa moja asubuhi mama hutolewa nje, anaketi kwenye kigoda chini ya mwembe akielekea mashariki. Anapewa gunzi la mahindi. Mkono wa kulia ndio dhaifu, basi huo ndio unaopukuchua. Wa kushoto unashika tu. Mwanzoni ilikuwa punje tano na jasho. Kidole gumba kilikuwa kinateleza, anakirudisha kwa mkono mwingine, anasukuma tena, punje inaruka inaangukia kuku. Kazi hiyo inafanya mambo matatu kwa mpigo: mwanga unauambia ubongo ni asubuhi, kurudiarudia kunaufundisha ubongo njia mpya ya mkono, na misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini isipotosha. Kuchambua maharagwe kunafaa. Kukunja nguo kunafaa. Usimnyang'anye kwa kumhurumia.

Mchana apumzike, lakini si zaidi ya nusu saa au dakika arobaini, na si baada ya saa tisa. Chai ya majani iishie mchana. Jioni taa ipungue. Ile balbu ya sola inayomulika usoni hadi usiku wa manane inaizuia melatonini kutoka.

Halafu matanga. Hakuna mwezi huku kwetu bila msiba, na muziki wa matanga hupigwa hadi kuche. Usiku mmoja bila usingizi unaweza kumrudisha mgonjwa nyuma siku tatu. Hatusemi watu wasiomboleze. Sisi tukijua siku ya kukesha inakaribia, tunamhamisha mama kwa binamu aliye mbali na spika, tunarudi naye mazishi yakiisha. Wazee walielewa tulipowaeleza kwa heshima.

Yako pia mambo ya haya. Kwa mila yetu mkaza-mwana hamwogeshi baba mkwe, na mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe. Nimeona mzee akigoma kula na kunywa ili asihitaji kusaidiwa chooni na mke wa mwanawe. Watu walisema ni mkaidi. Alikuwa anaona aibu, na aibu ya kila siku ni mbiu ileile inayopiga kila siku. Tafuteni mapema ni nani atamwogesha: mwana, ndugu wa rika lake, mjukuu. Mkiliamua hilo, mtashangaa hasira ilivyopungua.

Huzuni

Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, yaani huzuni ya ugonjwa, wakati fulani. Huenda asilie. Anaacha kula, anakataa mazoezi, anasema "niacheni". Usimwite mvivu. Akikaa hivyo zaidi ya wiki mbili, aonwe; dawa zipo na nyingine ni za bei nafuu. Fluoksetini ni mojawapo. Iliwahi kutumainiwa kwamba ingeurudisha mkono na mguu hata kwa asiye na huzuni. Utafiti wa FOCUS wa Uingereza, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000 na uliotangazwa mwisho wa 2018, ulionyesha kwamba hapana, na waliotumia walivunjika mifupa zaidi. Basi itumike kwa huzuni, kwa maagizo, si kwa mguu.

Kabla ya kumwandikia mtu dawa ya huzuni, ni haki yake thairoidi ipimwe. Ikilegea, mtu huwa mzito, mwenye baridi, mwenye choo kigumu, msahaulifu. Hufanana kabisa na huzuni. Ikizidi, moyo hupiga ovyo, damu huganda ndani yake, bonge likaruka hadi ubongoni. Hiyo ni njia mojawapo ya kupata kiharusi chenyewe. Kipimo ni TSH. Ila ugonjwa mkali wenyewe hupotosha homoni za thairoidi kwa muda, kwa hiyo kama hakuna dharura jibu la kuaminika zaidi hupatikana baada ya wiki sita hivi.

Kwa akina mama walio katika umri wa kuzaa, na kwa akina baba

Kiharusi si cha wazee tu. Mwanamke aliyewahi kupata kiharusi hapaswi kutumia tembe za uzazi zenye estrojeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaliweka hilo katika daraja la nne, yaani usitumie. Sindano ya miezi mitatu, inayopendwa sana huku, iko daraja la tatu: kwa kawaida haipendekezwi ikiwa kuna njia nyingine. Koili ya shaba haina homoni na iko daraja la kwanza. Mwambie muuguzi wa kliniki ya uzazi kwamba ulipata kiharusi, hata kama umepona na hakuna anayeona. Vivyo hivyo mwenye presha kubwa ambaye hajapata kiharusi: tembe zenye estrojeni si zake.

Kwa waliokoma hedhi, liliwahi kuwepo tumaini kwamba estrojeni italinda ubongo. Utafiti wa WEST wa Marekani, uliotangazwa 2001, uliwapa estrojeni wanawake waliopata kiharusi. Haikuzuia kiharusi kingine wala kifo. Projesteroni nayo ilijaribiwa kwa walioumia kichwa kwa ajali; majibu ya 2014 ya tafiti mbili kubwa yalikuwa yaleyale. Nakueleza haya kwa sababu mtu atakuja na sindano ya "kufufua ubongo" na bei yake itakuwa ng'ombe mmoja.

Wanaume: baada ya kiharusi testosteroni hushuka kwa wengi, na hamu ya ndoa nayo. Presha, dawa, uchovu na woga wa kurudiwa huchangia. Zungumzeni na daktari nyote wawili. Miongozo ya wataalamu inaonya dhidi ya kupewa testosteroni ndani ya miezi sita ya kiharusi, na zile dawa za nguvu za kiume zinazouzwa stendi mara nyingi zina kitu ambacho hakikuandikwa. Mtu anayetumia dawa za moyo anaweza kuanguka nazo.

Siku ya kliniki

Ukiona uso umevutika upande mmoja, mkono umeanguka au maneno yamekorogeka ghafla, usisubiri kliniki. Nenda, na angalia saa mliyomwona akiwa mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge ina saa nne na nusu tu, na haitolewi kabla ya picha ya CT. Usimpe aspirini njiani. Kama mshipa umepasuka utazidisha kuvuja kwa damu. Mpigie simu mtu wa hospitali ya Busia ujue kama mashine inafanya kazi leo au mwende Kisumu, Kakamega au Eldoret moja kwa moja.

Kwa siku ya kawaida, beba daftari. Beba dawa zote, za hospitali, za duka, za mganga, za kanisani, mafuta na krimu pia, katika kikapu kimoja. Uliza maneno haya: sukari hii ni ya mbiu au ni kisukari? Sodiamu ni ngapi? TSH imepimwa? Kama alivuja damu kuzunguka ubongo, au miezi imepita na bado ni mchovu kupita kiasi, presha na sukari zinaanguka, au hedhi imekatika kwa mwanamke kijana, uliza kama pituitari inahitaji kuangaliwa. Si kila maabara hupima kortisoli, na inapopimwa damu hutolewa asubuhi, karibu saa mbili, maana ikitolewa jioni namba itadanganya. Itadanganya pia kama mgonjwa anameza deksamethasoni na hakuna aliyesema.

Sisi tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mama alijifunga leso mbili kwa baridi, nikamkalisha dirishani upande wa mkono wake mzima ili ajishike. Daktari alikuwa kijana. Alimwamkia mama kwanza kabla ya kutusemesha sisi, akalifungua daftari pale nilipokunja pembe, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari hadi chini.

"Hivi vidonge vya bega," akauliza, "mmekuja navyo?"

Tukaangaliana mimi na mdogo wangu. Kwenye kikapu havikuwemo. Mama akainamisha kichwa, akaanza kulifungua fundo la leso kwa mkono wa kulia, ule dhaifu, kidole gumba kikiteleza na kurudi. Hakuna aliyemsaidia. Fundo likafunguka, akaiweka bahasha juu ya meza.